Kilima cha Mukumbi na Mpiga Picha Wake

Mume wangu Ambroise alikuwa na studio ya picha katika mtaa wa Kikula, karibu na soko. Kwenye kibao tuliandika jina la kizalendo, maana ilikuwa miaka ile serikali ilipiga marufuku majina ya ubatizo, lakini nyumbani alibaki Ambroise. Ukutani alitundika pazia lililochorwa mlima wenye theluji. Wafanyakazi wa viwanda vya shaba vya Panda na Shituru walikuja Jumapili baada ya misa, wakasimama na suti zao mbele ya theluji hiyo, kisha wakatuma picha kwa ndugu zao Kasai. Hakuna aliyeuliza mlima ule uko wapi. Ambroise ndiye aliyeuliza, naye akishaanza kuuliza, bukari, ugali wetu, inapoa mezani.

Tuliishi na mama yake, Eugénie. Alizaliwa Kyamusonge, ng'ambo ya mto Lufira, chini ya kilima cha Mukumbi, ambacho alisema hubadilika rangi kutwa nzima. Miguu ilikuwa imemkatalia safari kitambo. Sasa mtoto wa jicho alikuwa amelifunika jicho la kushoto na kuanza la kulia. Mama akaomba aone kilima chake kabla ya giza. Hilo tu. Kwa kuwa hakuweza kusafiri, Ambroise akaamua kwenda kumletea picha yake.

Lori la wachuuzi wa samaki lilikuwepo. Ambroise akalikataa, eti ndani ya lori huoni kitu ila mgongo wa mwenzako. Nilimwambia ana wazimu. Akaficha kamera katika mfuko wa unga, kwa sababu askari wa madarajani hawakupenda kamera, akaondoka kwa miguu.

Aliporudi alinisimulia mpaka nikachoka. Vichuguu virefu kuliko nyumba yetu! Miti ya porini iliyotoa majani mekundu kabla hata mvua haijanyesha! Alitaka kujua nchi inafananaje pasipo mtu mbele yake. Lakini kila alipoinua kamera, watu waliacha majembe, wakanawa uso, wakaja kusimama katikati. Akiwaomba wasogee, walimcheka: nani anapoteza picha kwa ajili ya majani? Mume wangu hajui kukataa watu, akawapiga picha. Filimu ikamwishia njiani, ikabaki picha moja.

Alipokiona Mukumbi, alisema, alikaa chini kwa furaha, akakitazama kikitoka kijivu kwenda zambarau. Akatayarisha kamera. Kumbe mjomba wake Barnabé, ambaye alikuwa hajawahi kuonana naye, alishapata habari na kuita ukoo mzima, wamevaa nguo za sikukuu, wanakuja kujipanga. Ambroise akawasihi wampishe, mama anataka kilima. Barnabé akakataa kabisa.

"Foto ya kilima bila batu? Dada yangu atasema tulikufa shiye bote."

Basi akawapiga picha ile ya mwisho. Walimwita aingie kati yao, naye akacheka tu.

Nyumbani akaisafisha picha, na mama akaisogeza kwenye jicho la kulia, pale dirishani. Nilitegemea alie kwa ajili ya kilima, kilichochungulia juu ya vichwa vya watu. Alikitupia jicho mara moja, akasema ndicho. Kisha akapita uso kwa uso, taratibu, akamaliza, akaanza upya.

"Weye uko wapi?" akamuuliza mwanawe.

Ambroise akaeleza kwamba lazima mtu awe nyuma ya kamera.

"Batu yangu yote iko hapa, na mutoto wangu haiko," mama akasema. "Siku minye mama yako sitakuwa tena, nani atajua kama uko mutu wabo?"

Nilikasirika. Safari yote ile, na shukrani ndiyo hiyo! Lakini nikatazama kuta zetu zilizojaa picha. Yake haikuwepo hata moja. Hata ya harusi yetu aliipiga mwenyewe, nimesimama peke yangu na maua mkononi kama mjane.

Alitaka kurudi Kyamusonge mara moja, ila mvua ilijaza mito. Njia ilipokauka akaenda, kwa miguu tena, akamfundisha Suzanne, binti wa Barnabé, mahali pa kubonyeza. Picha ilitoka upande. Kilima kinaanguka kushoto, Barnabé hana kichwa, na Ambroise yuko katikati mdomo wazi, bado anatoa maelekezo. Kwa mpiga picha ilikuwa aibu. Mimi niliipenda kuliko zote.

Lakini mvua hizo zilikuwa ndefu, na jicho la kulia nalo lilikuwa limekwisha. Mama akaipokea picha, akaipapasa kingo. Ambroise akamshika kidole, akakiweka juu ya uso wake mwenyewe pale kwenye karatasi. Mama akakiacha kidole hapo, kisha akanigeukia mimi.

"Alphonsine, ni kweli mutoto wangu iko ndani?"

"Ni kweli, mama," nikamwambia. "Iko katikati yabo."