Kipaza Sauti na Koo la Mjomba

Naona aibu mpaka leo, lakini nilichokisikia kwanza, kabla sijaona mtu, ni sauti yangu mwenyewe ikirudi kutoka barabarani, nzito, ikitetemesha mabati ya nusu ya Kariakoo.

Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, mitumba imejaa hadi mitaroni, na asiye na kipaza sauti hauzi. Mjomba Mushi, mwenye duka la vitenge, sauti ilikuwa imemkauka miezi mitatu (na sigara haimtoki mdomoni), akanipa mimi kazi ya kutangaza. Mimi, mwandishi wa riwaya ambayo hakuna aliyeiomba, nilikuwa nimesoma jarida moja la tiba nikalizwa nalo kama shairi, basi nikamvuta stoo nimnong'oneze, maana hospitali hakutaka hata kuisikia.

"Mjomba, ndani ya kila chembe ya mwili kuna jeni inayolinda. Chembe ikiharibika, jeni inaizuia isizaliane. Sasa moshi ukiiharibu jeni yenyewe, chembe za kooni zinazaana bila breki, saratani inatambaa hadi shingoni. Nenda wakakuangalie hiyo sauti!"

"Vumbi la vitenge hili," akakwaruza. "Na usimwambie mtu."

Usimwambie mtu! Na kipaza sauti ninacho mkononi, kinawaka, spika yake iko nje mlangoni mwa duka (nilikibeba kwa mazoea, kama mwingine abebavyo leso).

Tulipotoka stoo, mbele ya duka pamefurika. Kariakoo kipaza sauti ni cha kuuzia, basi mama mmoja kashanyoosha noti.

"Kaka, hiyo jeni nipe mbili, moja ya shemeji yangu, anavuta huyo!"

"Haiuzwi, mama."

"Mnaificha! Mnangoja bei ipande!"

Watu wakaangua kicheko. Ambaye hakucheka ni Bi Hansa, jirani yetu muuza sufuria. Akamsogelea Mjomba. "Bwana Mushi, mume wangu naye alisema vumbi. Mwaka mzima alisema vumbi."

Kicheko kikafa. Mjomba akanitazama, nikatamani vitenge vinifunike.

"Umeninadi kama mtumba," akasema kwa ile sauti yake ya msasa.

Tangu siku hiyo nimeapa: siri ya mtu nitaisema mikono mitupu, kwanza nijikague hadi mifukoni. Lakini Mjomba hakungoja kiapo changu. Aliweka pakiti ya sigara juu ya kaunta, akavaa koti.

"Hospitali inafungwa saa ngapi?" akamuuliza Bi Hansa, si mimi. Kisha akapitia uani, kuukwepa umati, akaubamiza mlango nyuma yake.