Jiwe Nililoliita Abuya

Siku gari langu la rimoti lilipoanguka chali juu ya jiwe, magurudumu yote manne yakizunguka hewani kama miguu ya kombamwiko, naikumbuka, mwanangu, kuliko siku ya ubatizo wangu. Nyanya yangu alicheka mpaka sindano ya kushonea nyavu ikamponyoka. Na mimi nilikuwa sijasikia mtu akicheka karibu nami kwa muda mrefu, kwa hivyo nilikasirika.

Ninyi mnaokuja hapa kwetu Seme siku za Jumapili na magari yenu ya kupanda mawe, yametoka kwenye boksi yakiwa yamekamilika, mnanikuta kwenye kigoda changu mnaniuliza, "Mzee, mbona yangu inapinduka?" Nami nawaambia, uzito pakieni chini. Mnashukuru, mnaondoka, mnadhani nimemaliza. Sijamaliza. Mnaniita mzee na hata kichwa hakijajaa mvi, lakini sikatai. Mtu huzeeshwa na aliyoyaona.

Nilikuwa tanboi wa lori la miwa. Shule niliachia darasa la saba, na kazi ile niliipata kwa sababu ya Okello, rafiki yangu niliyekua naye, boma lao na letu yakitenganishwa na jiwe kubwa tu. Yeye alitangulia, akaniita. Kazi yetu ilikuwa kupanga miwa, kukaza minyororo, kisha kukaa juu ya mzigo kuangalia usimwagike njiani. Walioniharibia nitawataja, maana mficha maradhi kifo humuumbua. Bwana Abuya, mwenye lori, ndiye aliyesimama pale shambani akipunga mkono, "Ongeza! Hiyo bado ni mtoto." Silas, karani wa shamba, ndiye aliyeona miwa imepita mbao za pembeni, akageuka kutazama ng'ombe. Jared, dereva, ndiye niliyemwambia lori linayumba, akanijibu, "Bosi amesema, wewe nani?" Kwenye kona moja kabla ya kufika Awasi lori liliinama, likawa kama linafikiria kidogo, kisha likalala. Juu ya miwa tulikuwa wawili. Aliyeamka hospitalini ni mimi.

Wanasema mavi ya kale hayanuki. Yangu bado yananuka.

Nilirudishwa nyumbani na nyonga iliyoungwa vibaya na gongo la kutembelea. Okello alishazikwa nikiwa bado nimelala wodini. Mwanzoni watu walikuja. Walileta mkate na sukari, wakasema pole, wakatazama gongo, wakatazama mlango. Caro, mchumba wangu, alikuja mara moja tu, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayengoja gari la kwenda Bondo. Gari lake lilikuja. Baadaye hata sukari ilikoma, na nikajua kwamba ugonjwa ukizidi muda wake, watu huanza kukuona kama samani.

Lakini lililonila zaidi lilikuwa moshi. Kila jioni ulipanda nyuma ya lile jiwe, moshi wa jiko la mamake Okello. Nilisikia anavyoita kuku wake. Nilisikia anavyokohoa. Sikwenda. Ningeanzia wapi? Mwanawe ndiye aliyeniita kazini, na mimi ndiye niliyerudi. Nilikuwa na sababu nzuri sana, gongo langu, na kila aliyeniuliza nilimwonyesha hilo.

Mama yangu alipoona ninakauka, aliniletea kutoka soko la Kibuye gari la kuchezea la rimoti, la mitumba, limechoka. Alidhani nitalitengeneza nimpe mtoto wa mtu. Mimi nilitazama nje nikaliona jiwe, na wazo likanijia, wazo baya, lakini ndilo lililonitoa kitandani. Jiwe lile nilikwisha kulipa jina. Nililiita Abuya. Pana, jeusi, limejaa tumbo, halisogei kwa kilio cha mtu. Nikaapa nitajenga gari litakalomkanyaga Abuya usoni mpaka utosini.

Sikiliza nilivyojenga, maana hapa nina fahari kidogo. Mota ya asili niliitupa, ilikuwa na mbio na haina nguvu. Nikaweka mota ya drili iliyokufa kishikio, pamoja na giya zake, kwa sababu drili huzunguka polepole na haikubali kushindwa. Vyuma vya kushika ekseli nilivikata kutoka spoku za baiskeli. Springi nilitoa kwenye kalamu. Zile ngumu nilizikataa, kwa kuwa springi ngumu huinua gurudumu shimoni badala ya kuliacha lishuke likanyage. Ndani ya matairi sikutaka upepo, nikajaza sponji ya godoro, tairi likumbatie jiwe. Na zile giya za katikati ya ekseli, zinazoruhusu gurudumu la kushoto na la kulia kuzunguka tofauti, nilizilehemu zikawa kitu kimoja, ili gurudumu moja likikosa pa kukanyaga, mwenzake aendelee. Kidole kimoja hakivunji chawa. Nililijua hilo kwa magurudumu.

Halafu nikaharibu. Betri nililiweka juu kabisa, nikalifunika kwa paa la bati nililolipaka rangi nyekundu, kama lori la Abuya. Siku ya kwanza gari likapanda kidogo tu, pua ikainuka, likaenda chali. Hapo ndipo Dani akacheka. Dani ni nyanya, kwetu hatuna jina lingine la kumwita. Alikuwa akikaa nje ya nyumba yake akishona nyavu za wavuvi wa ziwa letu, na miguu yake ilijaa nyuzi kama mtu aliyenaswa.

"Omondi," akasema, "hiyo ni gari ama ni kobe?"

"Dani, niache."

"Nikuache niende wapi? Miwa ilikuwa juu, ukaanguka. Sasa umejenga ingine, bado umeweka miwa juu. Ulienda Awasi kufanya nini kama hukujifunza?"

Neno lile liliniingia kama mwiba wa ngege, samaki wetu wa ziwani. Akanitupia kopo la mafuta ya kupikia lililojaa risasi za wavu, vile vipande vizito vinavyofungwa ukingo wa chini ili wavu usimame majini. "Zito likae chini," akasema, akaokota sindano yake.

Nikashusha betri. Nikazipasha moto zile risasi, nikazigonga zikapinda, nikazibandika ndani ya rimu, chini kabisa, pale ambapo hata gari likiinama uzito unalivuta lirudi. Na kila kipande nilichobandika nilikipa jina. Hiki Abuya. Hiki Jared. Hiki Silas. Nikaendelea. Hiki yule daktari aliyeiunga nyonga kama anayeunga kiti. Hiki Caro. Niliyataja kwa sauti, moja moja, na utamu ulinijaa mdomoni. Nilipakia mpaka rimu zikajaa.

Gari halikupinduka tena, hilo nakubali. Lilifika kiunoni mwa jiwe likasimama. Nikabonyeza rimoti, mota ikalia kama mbuzi, nikabonyeza zaidi, nikasikia jino la giya likikatika na harufu ya kuungua ikanifikia nilipokaa. Nikalitukana jiwe. Nikalitukana kwa jina lake.

"Umebeba nani na nani humo?" Dani akauliza. Alikuwa amesikia yote, siku zote.

Nikamtajia.

"Hata Caro? Caro naye alipindua lori?"

"Aliniacha, Dani."

"Wengi wameachwa, na hawajamweka mtu kwenye gurudumu." Akavuta uzi, akakata kwa meno. "Na Okello umemweka wapi?"

Nililigeuza gari, mwanangu. Nilitazama rimu ya mbele, nikatazama ya nyuma, kama vile ningemkuta. Sikuwa nimemweka. Wote walioniumiza walikuwamo, na rafiki yangu hakuwamo. Nilikuwa nimewakumbuka wauaji kwa bidii hata nikamsahau aliyekufa.

Dani hakunigombeza. Aliuinua wavu aliokuwa akishona, akauning'iniza mbele yangu kwa mikono miwili. Chini risasi, juu vipande vya patipati kuukuu vilivyokatwa kuwa maboya. "Wavu bila risasi unaelea kama nguo," akasema. "Wavu wenye risasi tupu unalala kwa matope, hauoni samaki, hauoni jua. Wewe, nyathina, ni risasi tupu." Neno hilo nyathina ni mwanangu. Nami nililirithi kwake, ndiyo maana nakuita hivyo.

Nikabandua. Nilimbandua Caro kwanza, akatoka kwa urahisi kuliko nilivyotarajia. Daktari akatoka. Silas akatoka. Jared alihitaji bisibisi. Abuya nilikaa naye sana mkononi kabla ya kumrudisha kwenye kopo. Nikaacha kipande kimoja kila gurudumu la mbele, nyuma nikaacha patupu, na vyote viwili vya mbele nikavipa jina moja. Nikatengeneza giya, na asubuhi moja nikalisogeza gari kwenye mguu wa jiwe.

Lilipanda, mwanangu. Lilipanda kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Gurudumu la mbele likashika ukingo, likalegea, springi ikalishusha shimoni, likashika tena. Mwenda pole hajikwai. Pale kiunoni palipolishinda, liliinama pembeni mpaka nikafumba macho, kisha zile risasi mbili zikalivuta chini, likatulia, likaendelea. Likafika utosini. Nikapiga kelele, "Okello! Ona!"

Hakuna aliyejibu. Dani alikuwa ameshuka ufukweni kupeleka nyavu. Mama alikuwa shambani. Nilisimama na gongo na rimoti na furaha yangu, na sikuwa na mtu wa kumpa. Usidhani upweke ni kukosa mtu siku ya kulia tu. Siku ya kushangilia ndiyo inaonyesha ulivyobaki.

Katika bumbuwazi hilo kidole changu kilisahau kuachilia. Pua nzito ikaelekea upande wa pili, gari likapotea. Nikabonyeza rimoti, kimya. Mawimbi ya rimoti hayapiti ndani ya jiwe. Gari langu lilikuwa limeshuka kwa mamake Okello.

Nilizunguka. Njia ile fupi ilikuwa ndefu kuliko ya Kisumu. Nikamkuta amesimama uani amelishika gari mikononi, amelipindua, anatazama magurudumu yake. Alikuwa amekonda.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, Mama."

"Nilikuwa na watoto wawili juu ya ile lori. Mmoja nimezika. Mwingine alikuwa tu hapo nyuma ya jiwe, hakuja kunisalimia."

Nikaonyesha gongo. Akalitazama, akanitazama mimi, wala hakusema pole. Alinivutia kiti, akanimiminia uji. Kisha akauliza alichokuwa akingoja kuuliza tangu siku ile, "Alikuwa anasema nini huko juu?"

Nikamwambia. Okello alikuwa akijigamba kwamba akioa, bibi harusi ataletwa juu ya miwa, apambwe kwa minyororo, na mimi nitakuwa mbele nikipiga honi kwa mdomo. Nikaipiga ile honi kama nilivyompigia yeye. Mama yule akacheka, mkono ukiwa mdomoni, kicheko kikageuka, kikawa kile kingine, na sikuondoka. Duniani kote hakukuwa na mtu mwingine mwenye maneno hayo. Yalikuwa urithi wake, na mimi nilikuwa nimeyakalia nikihesabu adui zangu.

Nilikwenda kwake siku nyingi baada ya hapo, mpaka naye akalala. Dani alimtangulia. Mama yangu pia. Sasa nyuma ya jiwe hapapandi moshi, na mlango wa boma lile umemea majani. Mkifunga magari yenu Jumapili jioni na kuteremka barabarani, nabaki mimi na jiwe, na tumezoeana. Uchungu nao sijauacha, nisikudanganye. Abuya ana malori zaidi, na nasikia bado anasema ongeza. Jared ameokoka, anashuhudia kila mahali, lakini kona ya Awasi haimo kwenye ushuhuda wake. Silas bado anatazama ng'ombe. Majina yote ninayo. Yako kwenye kopo la mafuta, kabatini, na ukiniuliza nitakutajia bila kukosea. Ila hayako kwenye magurudumu.

Basi shika haya. Gari la kupanda jiwe, zito liweke chini na liwe mbele kidogo, wala usizidishe, maana jino la giya halijui kama una haki. Springi ziwe laini. Mota isiwe na haraka. Na moyo wako ni hivyo hivyo. Aliyekutenda vibaya mtaje, usimfiche, lakini usimbebe kila unapopanda. Mbebe uliyempenda, yeye ana uzito unaokushikilia. Na kama kuna mtu nyuma ya jiwe anayengoja neno ambalo ni wewe tu unalo, usimwonyeshe gongo lako. Nenda leo, hata kwa kuchechemea.

Mungu akuwekee zito lako chini na boya lako juu. Ukipinduka, usikose wa kukucheka kisha akuinue. Na siku utakaposhuka upande wa pili wa jiwe lako, mwanangu, umkute mtu amesimama uani.