Pointi Tatu za Dada Anastazia

Jirani yangu hapa Marambo, mke wa mfugaji aliyehamia na ng'ombe zake kutoka kanda ya ziwa, hajui kukaanga ufuta. Anauunguza kila mara. Leo asubuhi harufu ile chungu imeniingilia mpaka chumbani, nikajikuta Mbekenyera, uani kwetu, mtoto wa darasa la pili, siku walipomlilia dada yangu Anastazia naye yu hai.

Mnivumilie nikizunguka. Mimi shule niliishia la nne. Niliona ufuta hauniulizi hesabu za kugawanya, nikabaki nao.

Dada alikuwa amemaliza kidato cha sita, shule ya mbali huko. Sasa kwetu Wamwera mwenye neno juu ya mtoto ni mjomba, na mjomba alikwisha sema: akifaulu vizuri aende chuo kikuu, akifeli, mchumba yupo Chinongwe, mwenye mikorosho. Basi mchana ule katekista akarudi na baiskeli kutoka Ruangwa mjini, akihema.

"Matokeo yametoka. Anastazia ana pointi tatu."

Tatu! Na sisi ni watu wa mizani. Ufuta ukipima kilo tatu, hapo umevuna au umeokota? Mama alikuwa anakaanga. Akaketi chini palepale, ufuta ukaungua. Shangazi akajifunika kanga kichwani. Majirani wakaja na mikeka, katekista akatuongoza kusali.

Mjomba akasema, "Si niliwaambia? Kesho natuma mtu Chinongwe."

Baba alikuwa ameoa na kuhamia ukweni, na maisha yake yote hakujibizana na shemeji yake. Siku hiyo alisimama. "Shemeji, hizo tatu ni zake. Humu ndani nani mwingine anayo hata moja?" Kisha akatoka, akamkamata jogoo mkubwa.

Jioni dada akashuka kwenye lori. Kuona mikeka, begi likamdondoka.

"Nani amekufa?"

"Wewe, mwanangu!" shangazi akalia. "Tatu!"

Dada alicheka mpaka akakaa chini. "Shangazi, hizi zinahesabiwa kwa kushuka. Somo ukilipata kwa alama ya juu kabisa, unaandikiwa moja. Nina masomo matatu, yote moja moja. Chini ya hapo hakuna kitu. Chuo kikuu wanaanza kuchukua wa huku chini; mwenye nyingi ndiye wa kuliliwa."

Vigelegele vilivyopigwa! Mjomba akakohoa, akasema yeye alijua tangu mwanzo, akanyoosha mkono kwenye firigisi, maana nyama ile ni ya mkubwa wa ukoo. Baba akaiwahi, akaiweka kwenye sahani ya dada. Na tangu hapo ole wako ujisifie mtoto mnadani mbele ya baba. "Wako ana ngapi?" "Tisa." "Pole sana, Mungu atasaidia."

Miaka mingi nimesimulia kwamba baba alimchinjia dada jogoo kwa kufaulu. Hata wasomi nimewaambia hivyo. Mpaka mwanangu mwenyewe aliporudi na matokeo mabaya, amesimama mlangoni hathubutu kuingia, nami sijui nimwambie nini, ndipo nilipokumbuka sawasawa. Lori lilipofika, jogoo alikuwa amekwisha nyonyolewa, yumo chunguni.