Vyungu Vibichi

Fundi alimwaga maji kwenye udongo wa kukandikia ukuta wa jikoni kwangu, na harufu ile ikanikalisha chini.

Mama alikuwa mfinyanzi, kule milimani Malolo. Siku moja ya utoto wangu, vyungu vyake saba vilikuwa kivulini nyuma ya nyumba, shingo zake zimetiwa nakshi kwa gunzi la mahindi, bado vibichi. Mchana huo balozi wa nyumba kumi alikuja akihema.

"Mama, lori la kutuhamishia kijiji kipya ni kesho asubuhi. Vyungu viache, nafasi hakuna."

"Havijakauka, baba."

"Ndiyo hivyo, mama."

Alipoondoka, mama alivipanga vyungu vyote uani, akavifunika kwa kuni na nyasi, akawasha moto. Nikamvuta kanga.

"Mama, si ulisema vibichi vikichomwa vinapasuka?"

"Najua."

"Sasa mbona unavichoma?"

"Nikiviacha hivi, mvua ya kwanza itavirudisha matope. Itakuwa kama sikufanya kitu. Vigae haviyeyuki, mwanangu."

Tukakaa tukisikiliza. Kila kimoja kilipopasuka nilihisi bega lake likishtuka kama la aliyechapwa, na mara zote saba sikuthubutu kumtazama.

Asubuhi, lori lilipoondoka, hakuitazama nyumba wala shamba. Alilikodolea macho lile rundo la vigae mpaka tukapinda kona.

Kule tulikohamishiwa, udongo ulikuwepo, tena mzuri. Tulipikia sufuria mpaka alipokufa.