Mapipa Manne Yaliyojaa

Mapipa manne niliyanunua mjini Koboko, kwa muuzaji aliyelalamika kwamba nimewanyang'anya watoto wake chakula, kisha akaninunulia soda. Niliyahesabu yakipakiwa kwenye lori, nikayahesabu tena yaliposhushwa Arua. Nikayapanga ukutani, nikafunga mifereji ya bati kwenye paa, nikaamini kesi imekwisha.

Kesi yenyewe ilikuwa maji ya paa letu. Nyumba yetu iko juu ya mteremko, na kila mvua ilishuka moja kwa moja hadi mlangoni kwa jirani, fundi cherehani kutoka Kongo. Alishatuambia wazi: vitambaa vya wateja vikilowa tena, anahamia Koboko kwa dada yake. Mama alikosa usingizi. Huyo ndiye mwenzake wa chai.

Mvua ya kwanza ilimezwa yote na mapipa. Baada ya mvua ya pili jirani alisimama uani kwetu na gauni la harusi linalochuruzika matope.

"Mapipa iko, na maji bado inakuja kwangu. Mutu atashona ndani ya mto?"

Nikafunua pipa. Limejaa hadi ukingoni. Mengine matatu vilevile. Tangu mvua ya kwanza Mama hakuchota hata kikombe.

"Mama, pipa likijaa halipokei kitu. Mwaga kabla ya mvua."

"Nimwage?" Alikulia Logiri, akipanda kutoka kijitoni na mtungi kichwani. "Shingo hii unaiona? Maji simwagi."

Nusu? Hapana. Pipa moja? Hapana. Nilimshinda bei yule muuzaji wa Koboko, nikashindwa na mtu asiyeuza kitu. Lakini macho ya Mama hayakutoka kwenye lile gauni.

Wingu lilipopanda tena, alitoka na mashuka, mapazia, hata koti langu safi, akaanza kufua kwa maji ya mapipa. Mpita njia akacheka.

"Mama, mvua iko karibu, na wewe unafua?"

"Ndiyo maana nafua!" Akageukia mteremko, akamwita jirani. "Binti yangu! Lete madumu! Lete na gauni!"

Maji ya povu tuliyapeleka migombani, masafi yaliyobaki jirani akayajaza madumuni. Matone ya kwanza yalikuta mapipa matupu, yakayapiga kama ngoma.

Nilishuka na mwavuli. Cherehani ilikuwa inalia ndani, mlangoni pakavu. Nikatazama mara ya pili: pakavu. Nikarudi kulala kwenye godoro tupu, mashuka yote yakining'inia sebuleni, yakidondosha maji.