Wiki Mbili za Nyumba ya Ujiji

Mume wangu hakuwa mtu wa kuleta nyama nyumbani katikati ya mwezi. Kwa hiyo siku alipoingia jikoni na kilo nzima imefungwa kwenye jani la mgomba, niliweka mwiko chini nikamtazama.

"Haya, sema," nikamwambia. "Umefanya nini?"

"Sijafanya kitu. Mama watoto, tumepata nyumba ziwani!"

Tulikuwa tunakaa Kibondo, miaka ya sabini hiyo, yeye mwalimu wa shule ya msingi, mimi mkunga. Ziwa lilikuwa mbali na sisi. Ushuke Kasulu kwa lori, ulale hapo, kesho yake ushuke tena mpaka Kigoma, na hapo ni kama lori halikuharibika. Nikamuuliza hiyo nyumba ya ziwani tutaikaa lini, yeye akiwa anafundisha na mimi nazalisha watu usiku na mchana?

"Wiki mbili," akasema. "Kila mwaka wiki mbili, maisha yetu yote."

Ndipo akanieleza. Kasulu kulikuwa na mwenye duka mmoja, Mwislamu ambaye wazee wake walitoka pwani, na huyo alirithi nyumba ya shangazi yake kule Ujiji, upande wa ziwani. Kuipangisha aliogopa, maana siku zile za Ujamaa mtu mwenye nyumba ya kupangisha alitazamwa kwa jicho baya. Kuiacha nayo ilikuwa inaoza. Basi akabuni ushirika wake. Familia nane, kila moja ilete mabati na mikono ya kukarabati, halafu kila moja iandikiwe wiki zake mbili za mwaka. Ndani ya wiki hizo nyumba ni yenu, mnaingia na ufunguo wenu. Zikiisha mnafagia, mnawapisha wengine. Zamu zilipigiwa kura kwenye kofia ya mwenye duka, na Mwalimu wangu akachomoa wiki mbili za mwezi wa sita.

"Mwezi wa sita!" akarudia, kama vile mwezi wenyewe ameutengeneza yeye. "Shule zimefungwa, mvua hakuna. Kuna mwenzangu ametoa Machi, masikini, atakwenda kuangalia matope."

Nikachukua mwiko wangu. "Mimi siendi," nikasema.

Sikuichukia nyumba, ilikuwa imenikosea nini? Nilichokuwa nakilinda ni likizo yangu. Siku ishirini na nane kwa mwaka, na miaka kumi na mmoja ya ndoa nilikuwa nimezimaliza zote Kitahana, kwa mama mkwe. Mama mkwe wangu alikuwa mtu mwema, sitamsema vibaya. Lakini likizo ya kuvuna maharage, kumenya mihogo na kuchota maji ni likizo gani? Nilirudi wodini nimechoka kuliko nilivyoondoka, wenzangu wananiuliza kama nilikuwa naumwa. Mama yangu mzazi yeye alikuwa Kagerankanda, huko Kasulu, na kila mwaka nilimwona kwa kuibia ibia. Lori likisimama siku moja, nimemwona. Lisiposimama, basi tena mpaka mwakani.

Yeye kuja kwangu haikuwezekana. Sisi Waha wa enzi zile tulikuwa na heshima zetu, na kubwa ilikuwa hii: mama halali chini ya paa la mkwewe. Hali chakula mbele yake, hamtazami usoni, na akikutana naye njiani anajitanda kanga anageuka pembeni. Nilipojifungua mtoto wa kwanza mama alikuja Kibondo kunihudumia. Mchana kutwa alikuwa nami, ananikanda, ananipikia uji. Jua likielekea kuzama anajifunga kanga yake anakwenda kulala kwa jirani, nyumba ya nne kutoka kwetu. Nilikuwa namwangalia dirishani anavyokwenda, na mtoto mikononi, nalia. Wiki mbili aliishi hivyo, akarudi zake kwake, na watoto watatu waliofuata hakuja tena. Alisema amezeeka kuwa mgeni wa watu asiowajua.

Kwa hiyo nikamwambia Mwalimu waziwazi. Kama likizo yangu itakatwa vipande viwili, kipande kimoja ni cha Kitahana, sawa, na kingine ni cha mama yangu. Ziwa atakwenda kuliangalia peke yake. Tulinuniana siku tano. Siku ya sita akaja na sauti ya upole, ile anayotumia kwa wazazi wasiotaka kununua daftari. Mwenye duka ameturuhusu tukalale siku tatu bure, tuijaribu kwanza. Tusipoipenda, anampa mtu mwingine.

"Na tutalala Kasulu kwenda na kurudi," akaongeza. "Utamwona mama."

Mjanja yule. Nikafunga mizigo.

Mama alipata habari zetu kwa watu wa gulio, akaja mpaka stendi ya malori Kasulu, amebeba ndizi na maharage kwenye kikapu. Alikuwa amekonda. Aliwapakata wajukuu wote wanne kwa pamoja, hata yule mkubwa aliyekuwa anaona haya. Kisha dereva akapiga honi, na mama akaanza kunikabidhi kikapu ili aondoke, na mimi, sijui niseme nini, hasira ya miaka kumi na mmoja ikanipanda kichwani pale pale.

"Mama, panda lori."

"Nipande niende wapi, mwana wanje?" Mwanangu, kwa Kiha chetu.

"Ujiji. Tunakwenda kuangalia nyumba."

Akamtazama Mwalimu kwa pembeni, yuko mbele karibu na dereva. "Nyumba ya mkwe?"

"Hapana. Bado haijawa ya mtu."

Hilo alilifikiria. Nikaona anataka, jamani, mama yangu alikuwa anataka! Akajikaza, akapanda nyuma kwenye magunia, akaketi ameupa mgongo upande wa dereva, na hivyo ndivyo alivyosafiri njia nzima, anaiangalia barabara tuliyoitoka. Mwalimu naye alikaza shingo mbele kama askari. Wakitaka kuambizana jambo, lilipitia kwa watoto. "Mwambie bibi yako ashike vizuri, kuna shimo." "Mwambie baba yako shimo nimeliona."

Mwenye duka alikuwa ametangulia kutusubiri Ujiji, kazungukwa na mafundi na mabati. Nyumba yenyewe ilikuwa ya udongo uliopigwa chokaa, vyumba vinne, ua nyuma na jiko lake, na ukisimama mlangoni unayaona maji. Watoto walikimbilia huko hata hawakusalimia. Mama hakuingia. Alisimama nje na kikapu chake.

"Baba," akamwuliza mwenye duka, "hii nyumba ni ya nani?"

"Itakuwa ya watu wanane, mama. Kila mtu na zamu yake."

"Sijauliza itakuwa. Leo ni ya nani?"

"Leo? Leo bado yangu."

"Basi karibu nyumbani kwako," mama akamwambia, akavua viatu akaingia. Mwenye duka alibaki ameshika tama.

Nikuambie ukweli, sijawahi kustarehe kama siku zile tatu. Asubuhi ya kwanza nililala mpaka jua likanichoma usoni, na hakuna aliyeniamsha kwa sababu mama alikuwa ameweka kigoda mlangoni akakikalia. Nilimsikia anawafukuza watoto: "Mama yenu analala. Hamjawahi kuona mtu analala?" Tulikula samaki, migebuka ya mawese, mpaka Mwalimu akalegeza mkanda. Yeye alikula barazani mbele, mama alikula uani nyuma, na sahani zilizunguka katikati na watoto. Jioni mama alinikalisha chini akanisuka nywele, mimi mwanamke mzima mwenye watoto wanne na funguo za wodi. Mchana mmoja alikwenda ziwani akaingia maji ya magotini na kanga yake, akapiga kelele, akatoka, akaingia tena.

Halafu hakuweza kujizuia. Siku ya pili nilimkuta na jembe la kuazima, anapiga matuta nyuma ya jiko.

"Mama, hatukai hapa! Siku tatu tu, nani atakula?"

"Atakayekuta," akasema, bila kusimama.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, mwenye duka alikuja na daftari lake la kuandikia washirika. Mimi nilikuwa nimeshaamua kitambo, na Mwalimu aliliona hilo usoni mwangu, akawa anatembea kifua mbele. Mwenye duka akalamba kalamu, akauliza majina, akaanza kuandika huku anasoma kwa sauti: wiki mbili za mwezi wa sita, mali ya Mwalimu fulani, wa Kibondo, yeye na familia yake.

Nilisikia kikapu kinaburutwa. Nikageuka. Mama alikuwa ameshatoka uani na vitu vyake, anafunga kanga kiunoni.

"Mama, unakwenda wapi? Lori ni kesho."

"Nitalala kwa watu," akasema taratibu. "Nilisikia kuna Waha mtaa wa pili."

Nikajiona tena dirishani Kibondo. Nyumba ilikuwa imeshapata mwenyewe, na mwenyewe ni mkwe, kwa hiyo mama hangelala humo tena, si usiku ule wala mwaka ule wala mwingine wowote. Na mimi ningekuja kila mwezi wa sita kukaa na maji.

"Futa," nikamwambia mwenye duka.

"Bibi?"

"Futa hilo jina. Andika langu."

Mwenye duka akamtazama Mwalimu, kisha daftari, kisha mimi. "Bibi mkunga, kwa kawaida huandikwa mkuu wa familia..."

"Familia iko Kibondo na mkuu wake. Hapa tunaandika wiki mbili, na hizo wiki mbili ni likizo yangu mimi. Nimeifanyia kazi."

Niliogopa, nisidanganye. Miaka ile mwanamume kuingia nyumba iliyoandikwa jina la mkewe, na wenzake saba wamo kwenye daftari hilo hilo, wangemcheka mpaka astaafu. Mwalimu alitazama maji. Akatazama kikapu. Kwa mara ya kwanza nilimwona anamtazama mama yangu, siyo usoni, miguuni, ile miguu iliyokuwa imeshavaa viatu. Akajikuna shingo.

"Mwandike yeye," akasema. "Mimi nitakuwa mgeni wake. Ila chumba cha mbele nisinyimwe."

Mwenye duka akafuta, akaandika jina langu lote, la kwangu na la baba yangu. Nikalichukua daftari nikaenda nalo mpaka aliposimama mama, ingawa hakujua kusoma.

"Ni zako?" akauliza.

"Zangu."

"Na yeye?"

"Kaja kwangu. Kama wewe."

Mama akaweka kikapu chini. Akavua viatu, akavipanga vizuri ukutani, akarudi jikoni, na baada ya muda nikamsikia anamtuma mjukuu: "Mwambie baba yako maharage yameiva."

Tulipofika Kasulu kesho yake stendi ilikuwa imejaa. Mwanamke mmoja wa kwao Kagerankanda alimwona mama anashushwa kwenye magunia, akamwita kwa mshangao kutoka ng'ambo ya barabara, amepotelea wapi siku zote hizi?

Mama alisubiri mpaka miguu yote miwili ikakanyaga ardhi. Kisha akajibu kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza chumvi, na Mwalimu akiwa pale pale mbele ya lori anajifanya anaangalia tairi.

"Kwa binti yangu," akasema. "Nimelala huko siku tatu."