Saa ya Mzee Ndani ya Kompyuta

Modemu, kile kifaa cha kuipigia intaneti simu, ilikuwa mahali pake, naiona kwa macho, lakini Linux ilishikilia kwamba hakuna modemu. Kompyuta ilikuwa ya mzee mmoja Msomali, muuza mbuzi mjini Machakos, aliyetaka kufungua chumba cha intaneti kando ya duka lake. Mimi nilikuwa nimeacha kushona suruali kule viwanda vya EPZ, Athi River, kama nilivyoacha shule darasa la saba na kazi nyingine katikati. Nilipita dukani kuomba maji, nikaona mashine isiyofanya lolote, nikabaki. Niliitia Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kutoka kwenye CD iliyobandikwa kwenye gazeti kuukuu, na kwa mara ya kwanza sikuwa na hamu ya kuhama.

Mzee alichoka kungoja. Akasema Ijumaa akirudi kutoka kuswali, kama modemu bado haijapiga simu, mashine inakwenda Kitui na mnunuzi. Ikienda, nami sina pa kujifunzia.

Ijumaa asubuhi rafiki yangu aliyefanya kazi penye intaneti alinipatia programu ya kuamsha modemu. Alikuwa ameirekebisha kidogo asubuhi hiyo hiyo, akaitia kwenye diski ya flopi. Programu zile zilikuja mbichi, maagizo matupu, mashine yako ndiyo iyapike yaweze kutumika. Nikatazama saa kwenye skrini: 4:20. Saa nne na dakika ishirini, muda upo. Nikaamuru ipike.

Mistari ikashuka, ikashuka, kisha ikaanza upya tangu juu. Na tena. Katikati ya mistari kulikuwa na onyo la Kiingereza: faili hili limetengenezwa wakati ujao. Hasira zikanipanda. Faili linawezaje kutoka kesho? Nilizima, nikawasha, nikanakili upya. Likabaki la kesho.

Mnunuzi akafika na gunia la kubebea.

"Asi! Bado inapika tu?"

"Inarudia."

"Basi haijui kupika. Wacha niende nayo, wake zetu wataifundisha."

Mzee akarudi kutoka msikitini, akasimama nyuma yangu.

"Kijana, hiyo kitu inatafuta nini tangu asubuhi?"

"Inalinganisha umri, Mzee. Ikiona maagizo ni machanga kuliko chakula, inasema chakula kimezeeka, inapika kingine."

"Mbuzi mimi naangalia meno. Faili haina meno. Inajua umri aje?"

"Inaangalia saa."

"Saa gani?"

"Hiyo yake, hapo kwenye kona."

Akaridhika. "Basi haiwezi kosea. Hiyo niliweka mimi mwenyewe juzi. Ilikuwa inadanganya watu. Saa nne asubuhi, yenyewe inasema ni kumi!"

Nikageuka kutazama kona ya skrini. 7:50. Nje ilikuwa saa nane kasoro dakika kumi mchana, na kila mtu pale dukani angeisoma hivyo hivyo. Ndiyo maana sikushtuka: saa ilikubaliana na jua. Lakini mashine huhesabu Kizungu, tangu usiku wa manane: kwake saba ilikuwa saba ya asubuhi, na faili la rafiki yangu lilitengenezwa karibu saa kumi za Kizungu, yaani saa nne zetu. Mashine ilikuwa inapika chakula leo kwa maagizo ya baadaye, na kila kilichoiva kilikuwa kimeshazeeka.

Nikairudishia mashine saa yake ya Kizungu. Mistari ikashuka, ikafika mwisho, ikanyamaza. Muda si muda modemu ikapiga kelele, ikakoroma, ikaunganika. Mnunuzi akakunja gunia lake polepole.

"Sawa," alisema Mzee, "lakini sasa inadanganya tena."

Hilo likanivuta kuliko modemu. Niligundua kwamba Linux hutunza saa yake yenyewe ndani, isiyobadilika, halafu hukuonyesha saa ya mji unaoutaka wewe. Nikapekua orodha yake ya miji nikitafuta ulioko nyuma yetu kwa saa sita kamili. Skrini ikaandika 8:15, saa nane na robo, na ndani ya mashine hakuna kilichoharibika.

"Mzee, kwa kompyuta uko Buenos Aires."

"Huko wanauza mbuzi?"

"Nasikia ni ng'ombe."

Akafikiri kidogo. "Si mbaya," akasema, akanivutia kiti kingine nimfundishe kuandika barua.